Tangazo Lisilosomeka: Kiswahili cha Tovuti za Umma na Msomaji wa Bariadi

Kitenzi *someka* kina maana mbili ambazo aghalabu huwekwa chini ya kitomeo kimoja. Tukisema kwamba mwandiko wa fulani hausomeki, tunalizungumzia jicho: herufi zimebanana, wino umefifia, mistari imepanda na kushuka. Tukisema kwamba kitabu fulani kinasomeka, tunaizungumzia akili: maneno yamepangwa kwa namna inayomchukua msomaji pasipo kumchosha. Zipo lugha zinazotenga mambo haya kwa maneno mawili. Kiswahili kimeyaacha pamoja, nami naona kimefanya vema, kwa kuwa kwenye kioo cha simu hayatengani. Sentensi iliyo nzuri ikiwekwa katika herufi zisizoonekana haisomeki. Na herufi zilizo safi zikibeba sentensi isiyo na kitenzi hazimfikishi msomaji popote.

Makala haya yanauangalia usomekaji huo katika tovuti za umma, na kituo chake ni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, pamba ikiwa ndiyo zao lao kuu la biashara, na wengi wao Kisukuma ndicho walichokipata kwanza kutoka kwa mama zao. Kiswahili walikikuta shuleni, sokoni, ofisini. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa violezo vinavyofanana, na tangu hapo tangazo lililokuwa likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata limepata ubao wa pili ambao, kinadharia, kila mwenye simu janja anao mfukoni.

Nasema kinadharia. Chukua mfano wa mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024, na maombi yake sasa hupitia mfumo wa kielektroniki. Hapa ndipo swali la usomekaji linapoacha kuwa suala la urembo. Kikundi cha akina mama wa Itilima wanaotaka mashine ya kukamulia alizeti hupata mkopo ama kukosa kwa kadiri wanavyolielewa tangazo moja la kurasa mbili au tatu.

Tangazo hilo lina umbo gani? Si nadra, nchini kote, tangazo la umma kuchapwa kwenye kompyuta, kuchapishwa kwenye karatasi, kutiwa sahihi na mhuri, kisha karatasi ile kupigwa picha kwa mashine na picha kupandishwa kwenye tovuti katika faili la PDF. Maandishi yaliyokuwa hai yanageuka kuwa taswira ya maandishi. Msomaji akiikuza ili aone, mstari unatoka nje ya kioo, naye analazimika kuusukuma kulia na kushoto kwa kidole, mstari hata mstari. Akitaka kutafuta jina la kata yake humo, hawezi. Akiitumia picha hiyo kwa WhatsApp, inabanwa tena na kufifia zaidi. Na asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, hasikii chochote, kwani programu ya kusoma inahitaji herufi, na hapa hakuna herufi, kuna madoa meusi juu ya weupe. Zile asilimia 2 zimetengwa kwa ajili yake kisheria. Tangazo lake halikutengenezwa ili alisome. Tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Sioni ni vipi taarifa inaweza kuhesabiwa kuwa imepatikana ilhali imefungiwa ndani ya picha.

Ndiyo maana katika miji kama Bariadi duka la steshenari limekuwa taasisi ya lugha. Kijana wa steshenari hulifungua faili, hulichapisha, kisha hulisoma na kulieleza kwa mteja, mara nyingi kwa kuchanganya Kiswahili na Kisukuma, na hulipwa kwa karatasi na kwa maelezo. Huyo ndiye mfasiri wetu asiyetambuliwa. Kazi yake ni ya heshima, lakini inatuonyesha kuwa tovuti haijafanya kazi yake.

Tuseme sasa picha imeondolewa na maandishi yako hai. Hapo linaibuka jambo ambalo, kwa maoni yangu, wajenzi wa tovuti za Kiswahili hawajalishughulikia ipasavyo: umbo la neno la Kiswahili lenyewe. Kanuni tunazozitumia kupanga kurasa zimetokana na lugha za maneno mafupi. Robert Bringhurst, mshairi wa Kanada, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu usanifu wa maandishi, alipendekeza mstari wa herufi 45 hadi 75, akiuona ule wa 66 kuwa ndio bora, nafasi zikiwa zimehesabiwa humo. Kwenye simu hatuna 66. Mara nyingi tuna 30 na kitu. Kwa lugha ambayo neno lake la kawaida lina herufi nne au tano, mstari huo mfupi bado unabeba maneno sita. Kiswahili hubeba nafsi, njeo, kirejeshi, mtendwa, mzizi na kauli ndani ya neno moja.

Itazame sentensi hii, ambayo hakuna msomaji wa matangazo asiyeijua: *Maombi yatakayowasilishwa baada ya tarehe ya mwisho hayatashughulikiwa.* Maneno mawili kati ya manane yana herufi 18 kila moja. Iweke katika mstari wa herufi 32. Mstari wa kwanza utachukua *Maombi yatakayowasilishwa baada*, na utajaa. Mstari wa pili utachukua *ya tarehe ya mwisho*, kisha utakwama, kwa kuwa *hayatashughulikiwa* haliingii katika nafasi 13 zilizobaki. Neno litashuka lote. Kama ukurasa umeamriwa kunyoosha kingo zote mbili, kama vitabu vinavyofanya, kompyuta itazigawa nafasi hizo 13 katika mianya mitatu iliyopo, na kila mwanya utakuwa mpana kuliko nafasi tano za kawaida. Jicho litasoma *ya*, litavuka uwanja, litasoma *tarehe*, litavuka uwanja mwingine. Rudia hali hiyo kwa aya tatu na ukurasa unakuwa na mifereji myeupe inayotiririka kutoka juu hadi chini. Msomaji hatajua kilichomchosha. Atasema tu kwamba Kiswahili cha serikali ni kigumu.

Tiba ya kwanza ni rahisi mno: tuache kunyoosha ukingo wa kulia kwenye kurasa za simu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unaotolewa na W3C, katika kiwango chake cha juu kabisa, unaelekeza hivyo hivyo, pamoja na mstari usiozidi herufi 80 na nafasi ya mstari mmoja na nusu baina ya mistari. Tiba ya pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari, na hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Silabi zetu huishia kwa irabu. *Ha-ya-ta-shu-ghu-li-ki-wa*: mwanafunzi wa darasa la pili anaweza kulikata neno hili bila kamusi. Yapo ya kuangalia, bila shaka. Herufi pacha kama *sh*, *gh*, *ny* na *ng'* hazitenganishwi. Nazali inayoandamana na konsonanti, kama katika *mbegu* au *ndoo*, huenda na irabu inayofuata. *M* ya *mtu* ni silabi kamili lakini haifai kuachwa peke yake mwishoni mwa mstari. Na maneno ya mkopo kama *daftari* na *rasmi* yana silabi zinazofungwa na konsonanti. Hizo ni kanuni za nusu ukurasa. Hata hivyo, vivinjari vingi ambavyo hukata maneno ya Kijerumani au Kihispania vyenyewe havina kanuni za Kiswahili, na havitakuwa nazo hadi mtu aziandike. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wasiseme kwamba mada zimekwisha.

Linahusiana na hilo jambo dogo linalopitwa bila kuonekana. Kila ukurasa wa wavuti hubeba, ndani ya msimbo wake, alama inayotaja lugha ya ukurasa huo. Ya Kiswahili ni *sw*. Kiolezo kilichotengenezwa ughaibuni huja na alama ya Kiingereza, na mjenzi akisahau kuibadilisha, programu ya kumsomea asiyeona inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Herufi mbili tu.

Kisha kuna *ng'*. Simiyu ni nchi ya ng'ombe, na majina mengi ya watu na mahali huko hubeba sauti hii: kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu, majina ya ukoo yanayoanza na *Ng'w-*. Ritifaa inayoiandama *ng* huandikwa kwa alama zaidi ya moja kwenye kompyuta: iliyonyooka, iliyopinda kushoto, iliyopinda kulia. Jicho haliziwekei tofauti, lakini kompyuta huziona kuwa alama mbalimbali, hivyo anayemtafuta *ng'ombe* kwa alama moja huenda asimpate aliyeandikwa kwa nyingine. Watumiaji wa kamusi za mtandaoni wanalijua hili vizuri. Zipo pia fomu zinazoikataa ritifaa kabisa, zikimwambia mwombaji kuwa jina lake lina alama isiyoruhusiwa. Akiiondoa, jina la fomu halilingani tena na la kitambulisho. Hapo si msomaji tena aliyeshindwa kusoma. Ni mfumo ulioshindwa kumsoma yeye.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe yamekuwa mtindo, nayo huvutia katika chumba chenye kiyoyozi. Mwongozo nilioutaja unataka uwiano wa ukolezi usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Jua la saa saba mchana katika stendi ya Bariadi linataka zaidi ya hapo.

Tuingie katika lugha. Kuna dhana, hata miongoni mwa walimu, kwamba maneno marefu ndiyo yanayomshinda msomaji wa vijijini. Siafiki. Msukuma aliyezoea lugha inayojenga maneno kwa viambishi, kama vile Kiswahili, hababaishwi na *hawakutuambia*. Kila kipande chake anakijua. Kinachomshinda ni kitu kingine, nacho ni mazoea yetu ya kuua vitenzi. Tazama: *Utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa mazingira ya utoaji wa huduma za mikopo kwa vikundi vya wajasiriamali unaoendelea.* Nimeitunga mwenyewe, lakini atakayenishitaki kwa kutia chumvi asome matangazo matatu ya wiki hii kwanza. Kuna a-unganifu saba na hakuna kitenzi kikuu.

Kuna jambo la ndani zaidi. Upatanisho wa kisarufi ndiyo taa ya msomaji wa Kiswahili. Tukisema *kitabu cha mwalimu kilichopotea*, *ki-* inatuambia kilichopotea ni kitabu. Tukisema *aliyepotea*, tunajua ni mwalimu. Sasa irudie sentensi yangu na uulize: *unaoendelea* ni upi? Utekelezaji? Mpango? Uboreshaji? Utoaji? Nomino zote nne huchukua upatanisho wa *u-*. Nomino zinazoundwa kutokana na vitenzi kwa *u-...-ji* zote huangukia mahali pamoja, na *mpango*, ingawa ni wa ngeli nyingine, huungana nazo katika umoja. Taa imezimwa. Msomaji hana tena njia ya kujua kipi kinarejelea kipi, hata awe na shahada. Mwandishi angeweza kusema: *Halmashauri inaendelea kurahisisha namna inavyovikopesha vikundi vya wajasiriamali.* Mtenda yupo, tendo lipo, na kila kiambishi kina kazi.

Kwa mantiki hiyohiyo, *Maombi yatakayowasilishwa baada ya tarehe ya mwisho hayatashughulikiwa* inaweza kuwa *Ukichelewa, ombi lako halitapokelewa.* Wenzangu wa taaluma ya sheria hunijibu kwamba lugha rasmi ina hadhi na usahihi wake. Kuhusu hadhi, sijui ni hadhi gani inayopotea mtu akiambiwa *ukichelewa*. Kuhusu usahihi, wana hoja: *kuwasilisha* na *kupokea* si tendo moja, na neno la kisheria lisibadilishwe kwa sababu tu ni refu. Lakini matangazo mengi hayana neno la kisheria la kulindwa. Yana mazoea ya barua: *Kichwa cha habari hapo juu chahusika*, sentensi inayotuarifu kwamba kichwa tulichokwisha kukisoma kinahusika, *tajwa hapo juu* kwenye ukurasa ambao, ukishauteremsha kwa kidole, hauna juu tena.

Inasikitisha kuona hivyo katika eneo hili mahususi. Kati ya mwaka 1968 na 1972 UNESCO na Serikali ya Tanzania ziliendesha, makao yakiwa Mwanza, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ilikuwa Shinyanga. Vitabu vya kisomo viliandikwa kwa kufuata kazi ya msomaji, cha pamba kwa mkulima wa pamba, vingine vya uvuvi, migomba na ng'ombe, ili mtu ajifunze kusoma kupitia maneno aliyokuwa akiyatumia shambani. Waandishi wake walilazimika kujiuliza swali ambalo mwandishi wa tovuti haulizwi na mtu: msomaji huyu analifahamu neno lipi, na sentensi yake iishie wapi? Kanda ya Ziwa, kwa maneno mengine, ilikuwa maabara ya Kiswahili chepesi miaka 50 kabla ya kupata tovuti. Sijaona dalili kwamba yaliyojifunzwa humo yalihamishiwa kwenye violezo vya leo.

Violezo hivyo vina lebo zinazostahili kutazamwa na wafasiri. Katika tovuti nyingi za halmashauri utakuta safu yenye kichwa *Kurasa za Karibu*. Iliyokusudiwa ni viungo vya kumfikisha mtu haraka kwenye huduma. Lakini *karibu*, ikiwa si salamu, ni umbali au wakati. Msomaji ana haki ya kudhani ni kurasa zilizoandikwa hivi karibuni. *Njia za mkato* ingetosha. Jirani yake ni *Viunganishi Linganifu*, yaani tovuti nyingine zenye uhusiano na hii. Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakwambia kiunganishi ni *na*, *lakini* au *kwa sababu*. Na *linganifu* ni kilicho sawa au kinachopatana na kingine. Tovuti ya wizara hailingani na ya halmashauri. Inahusiana nayo tu. *Tovuti nyingine* ni maneno mawili ambayo hayamlazimu mtu kukisia. Lebo hizi hazikutungwa na watu wasiojua Kiswahili. Zilifasiriwa neno kwa neno kutoka orodha, bila mfasiri kuonyeshwa ukurasa ambamo zingekaa, na hilo ni kosa la utaratibu wa kazi kuliko la mtu.

Nimalizie na saa, kwa kuwa ndiyo inayowakosesha watu haki zao kwa dakika. Mifumo ya kielektroniki huhesabu siku kuanzia usiku wa manane na hufunga milango saa 23:59. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, na 23:59 kwake ni saa 5:59 usiku. Tangazo likisema *mwisho ni saa 6:00 usiku tarehe 15*, kuna wasomaji wawili waaminifu watakaoelewa mambo mawili: mmoja ataona usiku unaoitangulia tarehe 15, mwingine usiku unaoifuata, na baina yao kuna saa 24 nzima. Waandishi wa habari wa Tanzania walikwisha kulitatua tatizo hili zamani kwa maneno yao wenyewe. Wao huandika *usiku wa kuamkia tarehe 16*. Tangazo la mkopo linaweza kuandikwa hivyo pia: mwisho wa kupokea maombi ni saa 5:59 usiku wa kuamkia tarehe 16, yaani saa 23:59 ya tarehe 15 kwenye mfumo.